Kumhudumia mwenye "mawazo mengi" bila kuipiga vita mila yake: mwongozo kwa familia na wahudumu wa afya wa Dodoma

Mgonjwa wa Bahi, Chamwino au Chemba hafiki zahanati akasema ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Anasema kichwa kinawaka moto. Moyo unakwenda mbio, mgongo unavuta, usingizi umekimbia, ana mawazo mengi. Ndugu aliyemsindikiza ananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Akipewa panadol na kuambiwa "vipimo viko safi, huna ugonjwa", anashukuru, anaondoka na harudi. Kituo kinachofuata ni kwa mganga, au kwenye maombezi, au kufungwa kamba kwenye nguzo uani.

Mwongozo huu ni wa wale wanaokutana naye kabla hajafika huko: ndugu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi wa zahanati, mwinjilisti, imamu, mwenyekiti wa kitongoji. Msimamo wetu ni huu: usimnyang'anye mtu jina analoliita tatizo lake kabla hujampa msaada. Ukilikataa jina lake siku ya kwanza, atakuficha mengine yote, yakiwemo yale yanayoweza kumuua.

Nani aulize, na waketi wapi

Benchi la mapokezi halifai, maana jirani anasikia kila neno. Tafuta kivuli cha mti mbali na kisima na njia ya watu, au chumba chenye mlango unaofungwa. Tenga dakika 45. Keti kwenye kiti cha urefu ule ule na cha mgonjwa. Simu zima kabisa. Kuigeuza kifudifudi hakutoshi, kwa sababu mtu mwenye hofu huhisi anarekodiwa.

Salamu usizipite mbio. "Shikamoo" kwa mkubwa, kisha habari za nyumbani, mifugo, mvua. Kwa Wagogo "mbukwenyi" ikitoka kwa mgeni hufungua uso wa mzee kuliko kadi yoyote ya utambulisho. Dakika tano za salamu nazo ni uchunguzi: utaona kama anakutazama, anajibu kwa kuchelewa, amenawa, mikono inatetemeka.

Chagua muulizaji kwa kufuata heshima ya ukoo. Mkwe asitumwe kumhoji mkwe wake. Kijana wa kiume asimuulize mama wa makamo habari za kitandani wala za uzazi. Baba naye mara nyingi ndiye mtu wa mwisho kuambiwa na mwanawe kwamba maisha yamemshinda. Lakini kati ya babu au bibi na mjukuu kuna utani, na ndani ya utani mambo mazito husemeka. Ukikwama, tafuta bibi.

Lugha nayo ina mtego. Wazee wengi wanaomudu Kiswahili cha sokoni huishiwa maneno wanapoulizwa kuhusu moyo. Mruhusu aongee Kigogo, Kirangi au Kisandawe, na mkalimani awe mtu mzima ambaye hana ugomvi naye wala undugu wa karibu. Usimtumie mtoto wake. Mtoto atapunguza maneno ili kumlinda mzazi, kisha atabaki na mzigo ambao si wa umri wake. Mwagize mkalimani atafsiri neno kwa neno hata kama halina maana kwake. Akisema "anaongea ovyo tu", mwambie, "Naomba hayo hayo ya ovyo."

Maswali ya kuanzia

Mwaka 1978 Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, pamoja na wenzake wawili, walipendekeza madaktari waanze kwa kumuuliza mgonjwa yeye mwenyewe anaelezaje ugonjwa wake. Maswali yao yanakubali vizuri kuulizwa kwa namna ya kwetu:

"Ninyi wenyewe ugonjwa huu mnauitaje?"
"Mnaona umetokana na nini?"
"Kwa nini ulianza wakati ule, wala si mwaka jana?"
"Kazi zipi zimesimama tangu uanze?"
"Kitu gani kinakutia hofu zaidi?"
"Mmeshapita wapi, mkapewa nini, na kipi kilileta nafuu hata kidogo?"
"Siku akipona, mtamjua kwa kitu gani?"

Swali la tatu ndilo lenye mavuno. Familia ikijibu "tangu ng'ombe walipokufa", "tangu mume alipooa mwingine", "tangu alipojifungua", "tangu alipoacha pombe", umeshapewa nusu ya utambuzi. Swali la mwisho nalo liandike kama lilivyojibiwa. Mmoja atasema akianza tena kuchunga, mwingine akicheka na wajukuu, mwingine akirudi kwaya. Hicho ndicho kipimo chenu miezi mitatu ijayo, na familia itakiamini kuliko alama za karatasi.

Jibu likiwa "amechezewa", usibishe wala usikubali. Sema: "Nimewasikia. Mimi ya uchawi sina uwezo nayo. Usingizi, chakula na hayo mapigo ya moyo nina uwezo nayo. Tuanze na hayo?" Maneno haya ni ya kweli, hayamdharau mtu, na yanakuachia kazi ya kufanya.

Wenzetu wengine wameshaifuata njia hii. Katika jamii za watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini waishio Marekani, mtu aliyeshtuka vibaya akaishiwa nguvu husemwa ana susto, yaani roho imemtoka kwa hofu, na mwenye wasiwasi wa muda mrefu husemwa ana nervios. Kitabu cha utambuzi cha chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliyaorodhesha maneno hayo mwaka 1994, na toleo la 2013 likaongeza mahojiano ya maswali 16 juu ya utamaduni wa mgonjwa. Huko pia hutumika wahudumu wa jamii waitwao promotores, watu wa mtaa ule ule na lugha ile ile, kuwafikia wasioingia hospitali. "Mawazo mengi" yetu yanastahili kusikilizwa vivyo hivyo.

Dodoso la maswali tisa, na linapodanganya

Sonona mara nyingi hupimwa kwa dodoso la maswali tisa linalohusu wiki mbili zilizopita. Kila swali hupewa alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 mtu anahitaji kuangaliwa kwa makini. Ni chombo kizuri. Ila kisomwe kwa akili ya mahali.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na miezi ya Januari hadi Machi ndiyo ghala huwa tupu huku kazi ya shamba ikiwa nzito kuliko wakati wowote. Ukimuuliza mtu mwezi Februari kama anakula kidogo na anachoka, karibu kila mtu atapata alama. Kwa hiyo ongeza swali: "Chakula kikiwepo mezani, unakitamani?" Mwenye njaa atasema ndiyo kwa haraka. Mwenye sonona atakwambia ugali una ladha ya majivu. Usingizi nao: mtoto analia, mifugo inalindwa, au macho yako wazi tu saa tisa usiku na moyo unadunda? Majibu hayo matatu hayapati alama sawa.

Swali la kujilaumu husomwa vibaya pia. Likiulizwa "unajiona umeshindwa maishani?", wengi hukana, kwani kulalamika mbele ya mgeni ni aibu. Liulize kwa kuzunguka kidogo: "Watu wa nyumbani kwako, unaona wangekuwa na nafuu kama usingekuwepo?" Ukisikia ukimya mrefu, ingia moja kwa moja kwenye swali linalofuata.

Kuuliza kuhusu kujiua

Uliza waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpa pumzi. "Mawazo yakizidi, umewahi kufikiri kujitoa uhai?" Akijibu ndiyo, uliza: umefikiria njia gani? Kitu hicho kipo nyumbani? Umepanga lini? Umewahi kujaribu? Mwenye njia, kitu na siku haachwi peke yake hata kwenda chooni, na anapelekwa kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo akiwa na watu wawili. Kwenye bodaboda asiende na dereva pekee.

Kisha nendeni nyumbani mkaondoe vitu. Katika mashamba ya zabibu viuatilifu hukaa chini ya kitanda, kwa kuwa wezi huviiba vikiachwa nje. Vihamishieni kwenye sanduku lenye kufuli kwa jirani mnayemwamini, pamoja na sumu ya panya, kamba za mifugo na dawa zote za hospitali. Aliyekwisha kunywa sumu asitapishwe wala asipewe maziwa. Mvueni nguo zilizomwagikiwa, mwosheni ngozi kwa maji, mlazeni ubavu na mbebe chupa yenyewe hadi hospitali ili daktari asome lebo.

Familia huficha jaribio la kujiua kwa kuogopa polisi, kwani kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kimeliandika kuwa kosa. Waambieni matibabu kwanza. Mgonjwa anayesemwa "alikula chakula kibaya" hupewa tiba isiyo yake, na saa za mwanzo ndizo zinazookoa.

Hali zisizosubiri mazungumzo

Mtu aliyekuwa mzima juzi, leo haelewi yuko wapi, ana homa, shingo ngumu, au anapata fahamu na kuzipoteza: hiyo ichukulieni kuwa malaria ya kichwani, homa ya uti wa mgongo au sukari kushuka mpaka vipimo vikatae. Akiwa anaweza kumeza, mpeni maji ya sukari njiani. Usipeleke popote pengine kwanza.

Mama aliyejifungua ndani ya wiki mbili, halali kabisa, anasema mtoto si wake au anasikia sauti: hospitali leo. Asiachwe peke yake na mtoto, na asilaumiwe. Ugonjwa huu hupona vizuri ukiwahiwa.

Hali ya tatu inatuuma kwa sababu hupotea mbele ya macho ya watu wema. Mnywaji wa kila siku wa pombe ya kienyeji au gongo anapelekwa kwenye maombezi na anaacha pombe ghafla. Ndani ya saa 24 anatetemeka na kutoka jasho. Kabla ya saa 48 anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne anaona wadudu ukutani, anapiga kelele, hajui mchana wala usiku. Wenye maombi husema pepo limejifichua, wanaongeza mfungo, wanazuia maji. Kumbe ni ubongo uliozoea pombe ukiikosa kwa ghafla, na mtu hufa hivyo. Anahitaji hospitali, dawa ya kutuliza, vitamini B1 na maji. Wachungaji wafundishwe jambo hili moja tu: mnywaji wa kila siku apitie zahanati kabla ya kuanza mafungo. Wengi wao hulikubali wakielezwa kwa heshima.

Kukaa meza moja na mganga, mchungaji na sheikh

Tanzania inawatambua waganga wa tiba asili kwa sheria ya mwaka 2002, na kuna baraza linalowasajili. Familia zitakwenda kwao mpende msipende. Ukikataza, watakwenda usiku na kukuficha. Afadhali mwende pamoja, au mtu wenu amtembelee mganga mapema, kabla hakujawa na mgonjwa wa kugombania. Mkalie chini kama mtaalamu mwenzako na mwombe mambo haya: asimfunge wala kumpiga mgonjwa, asimweke kitu puani wala machoni, asimnyime chakula na maji, asimwachishe dawa za hospitali, na akimnywesha miti aseme ni miti gani ili ini lake lisibebeshwe mzigo mara mbili. Naye muulize anataka nini kwenu. Mara nyingi atataka jambo dogo: anapowatuma wagonjwa zahanati wasitukanwe kwamba wamechelewa kwa ushirikina.

Jambo moja halina maridhiano, nalo ni kutaja mtu. Mganga akishasema "aliyekuroga ni bibi wa nyumba ya tatu", mgonjwa hatapona haraka zaidi na bibi yule yuko hatarini. Sheria ya uchawi inakataza kumtuhumu mtu hivyo. Mkisikia jina limetajwa, mtendaji wa kijiji ajue siku hiyo hiyo, na bibi awe na watu wa kulala naye.

Tambiko, kisomo, maombi na ngoma vina nafasi yake. Mgonjwa aliyejitenga kwa miezi, ukoo ukikutana kwa ajili yake, amepata kitu ambacho kidonge hakina. Pangeni tu ratiba: dawa asubuhi kabla ya ibada, chakula kisikosekane. Mwezi wa Ramadhani, mgonjwa wa Kondoa anayetaka kufunga amwone mtaalamu kama wiki mbili kabla, ili vidonge vihamishiwe futari na daku. Dawa za kifafa zisirukwe hata siku moja kwa uamuzi wa nyumbani, kwani kuziacha ghafla huleta mfululizo wa degedege.

Mkikuta mtu kafungwa mnyororo, msiukate siku ya kwanza na kuondoka. Familia ilimfunga kwa hofu, na hofu hiyo bado ipo. Osheni vidonda, leteni mtaalamu aanzishe dawa hapo hapo, kisha pangeni kulegeza: mnyororo utoke mchana akiwa na watu wawili, baadaye na usiku. Tarehe ya kuondolewa kabisa iandikwe mbele ya mwenyekiti.

Vikao vya bibi

Nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa benchi nje ya kliniki, ambapo bibi waliofunzwa hukaa na wenye kufungisisa, neno la Kishona la kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mnaweza kuufuata mtindo huo kwa vikao sita vya wiki kwa wiki.

Kikao cha kwanza ni cha kumwaga. Aorodheshe matatizo yote, hata kumi. Bibi asitoe ushauri. Kisha mgonjwa mwenyewe achague moja linaloshikika. "Umaskini" halishikiki. "Nadaiwa elfu arobaini na jirani na ninapita njia ya nyuma kumkwepa" linashikika. Wataje njia zote za kulitatua, hata za ajabu, achague moja, wakubaliane hatua ndogo yenye siku na saa: "Jumatano asubuhi nitakwenda kumwomba nilipe elfu tano kwa mwezi." Kikao kinachofuata huanza na swali moja, ilikuwaje Jumatano? Akiwa hakuifanya, hatua ilikuwa kubwa mno. Ikatwe nusu.

Hapa bibi wazuri hukosea kwa wema. Wanasema "vumilia mwanangu", "mshukuru Mungu", wanatoa hadithi zao. Neno "vumilia" humwambia mgonjwa kwamba mazungumzo yamekwisha. Badala yake wafunzwe kusema "endelea" na "halafu?"

Dawa na safari ya Mirembe

Kwa watu wa Dodoma jina Mirembe, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ni tusi la mitaani, na ndiyo maana wengi huchelewa. Waelezeni kwamba mwanzo ni zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, na kwamba anayefika Mirembe hutibiwa na kurudi nyumbani kama mgonjwa wa hospitali yoyote. Gharama zikiwa kikwazo, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii kuhusu msamaha.

Dawa za sonona kama amitriptilini na fluoksetini huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha nafuu, lakini kinywa kukauka, choo kigumu au kichefuchefu huja siku za kwanza. Asipoambiwa, ataacha siku ya tano. Akipata nafuu huendelea kwa miezi 9 hadi 12. Mwenye mawazo ya kujiua apewe dozi ya wiki moja tu kwa wakati na ndugu azishike, maana amitriptilini nyingi kwa mpigo husimamisha moyo.

Haloperidoli, dawa ya mtu aliyechanganyikiwa akili, ina tukio ambalo familia lazima ilijue kabla: katika siku za mwanzo shingo inaweza kupinda, macho yakageukia juu, ulimi ukakakamaa. Nyumbani husemwa jini limepanda kwa hasira ya kuguswa, na dawa hutupwa. Ni madhara ya dawa. Mrudisheni kituoni siku hiyo hiyo, atapewa dawa ya kulegeza na shingo itanyooka, mara nyingi ndani ya saa moja.

Mwezi wa Novemba, kabla mito ya mchanga haijajaa na kukata njia, ombeni dawa za miezi miwili badala ya mmoja kwa wale ambao hali zao zimetulia. Zifungeni kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na moshi wa jikoni, na tarehe ya kurudi kliniki iandikwe kwa mkaa ukutani, karibu na mlango, ambapo kila mtu wa nyumba anaiona anapotoka kwenda shambani.